Maswali ya Wasomaji: Safari ya Santo Domingo

Katika toleo lililopita tuliutaja mji wa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, miongoni mwa miji mikongwe ya bahari inayofaa kutembelewa na mtu aliyezaliwa Lamu au Malindi. Maswali yamekuja mengi, na yaliyofanana tumeyaweka pamoja. Tumeanza na makaratasi, kwa kuwa safari nyingi hukwama hapo kabla hata ya kupanda ndege.

Nimeona tiketi ya kwenda Dominica kwa bei nafuu kuliko mliyoitaja. Ni huko huko? (Msomaji, Watamu)

Siyo huko, na usiilipie. Dominica ni kisiwa kidogo kilicho kati ya Guadeloupe na Martinique. Mji wake mkuu ni Roseau, lugha yake rasmi ni Kiingereza, na masharti yake ya viza ni mengine kabisa. Jamhuri ya Dominika ni nchi ya Kihispania inayogawana kisiwa cha Hispaniola na Haiti. Kwenye tiketi tafuta herufi SDQ, ambazo ni za uwanja wa Las Américas wa Santo Domingo. Ukiona PUJ, hiyo ni Punta Cana, upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo, kiasi cha kilomita 200 kutoka mji mkuu. Punta Cana si kosa kama nauli imepungua sana, maana yako mabasi ya kwenda Santo Domingo na safari ni ya saa mbili na nusu hivi. Ila ukifika usiku, utalala huko kwanza, na malazi ya hoteli za ufukweni yatakula kile ulichookoa.

Assalaam alaikum. Mimi na mume wangu tuna pasipoti za Kenya. Tunahitaji viza gani, na tupite wapi? (Msomaji, Langoni, Lamu)

Waalaikum salaam, dada. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Jamhuri ya Dominika, lakini kuna mlango mwingine: anayeshikilia viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au ya nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja, Hispania ikiwemo) huruhusiwa kuingia kama mtalii bila kuomba viza ya Dominika. Kadi ya utalii, ambayo zamani ililipiwa dola 10 uwanjani, tangu 2018 imeingizwa ndani ya bei ya tiketi. Muda wa kawaida ni siku 30. Ukizidisha, utalipa ada unapotoka.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya. Njia inayotumika sana ni kufika Madrid kwa kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kisha kuvuka Atlantiki kwa Iberia au Air Europa. Hapa pana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mawakala wengine huuza hivyo kwa sababu jumla inaonekana ndogo. Kwa tiketi mbili, mizigo yako huishia Madrid. Itabidi uingie Hispania kuichukua na kuikabidhi upya, na bila viza ya Schengen hutaruhusiwa kutoka upande wa abiria wanaounganisha ndege. Taka tiketi moja yenye nambari moja ya uhifadhi, na Nairobi muulize mhudumu wa shirika la ndege anayepokea mizigo: mizigo inakwenda mpaka SDQ? Kisha tazama kibandiko chenyewe kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Hata kama hutoki nje ya uwanja, waulize ubalozi wa Hispania kuhusu viza ya kupita uwanjani kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa sheria hiyo hutegemea uraia wa msafiri nayo hubadilishwa mara kwa mara.

Mtego wa pili ni viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Mkitoka nje Madrid wakati wa kwenda, mkalala usiku mmoja na kutembea, viza hiyo imekwisha kazi. Shirika la ndege linaweza kukataa kuwapandisha kwenda Santo Domingo kwa kuwa viza mliyoitegemea haiko hai tena. Ombeni ya kuingia mara nyingi, na barua ya maombi ieleze wazi kwamba mnapita mara mbili.

Kila abiria hujaza pia fomu ya mtandaoni iitwayo E-Ticket, ya kuingia na ya kutoka, ambayo hutoa msimbo wa QR. Fomu hiyo ni ya serikali na haina malipo. Tovuti zinazodai dola 30 au 50 ni za watu wanaojitafutia riziki kwa kutojua kwenu. Ipige picha QR na muichapishe pia, kwa sababu simu huzima chaji baada ya saa ishirini na zaidi za safari.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kile kitabu cha manjano kikae pamoja na pasipoti. Tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa maisha yote, kwa hivyo mwenye cheti cha zamani hana haja ya kurudia.

Pesa zao zikoje? M-Pesa inafaa? (Msomaji, Mambrui)

M-Pesa haitakusaidia kulipa dukani huko, na shilingi ya Kenya hakuna atakayeibadilisha. Nunua dola Nairobi au Mombasa, noti safi zisizo na mikunjo wala maandishi, kisha zibadilishe kuwa peso za Kidominika. Katika 2024 na 2025 dola moja ilizunguka kwenye peso 60 hivi. Uwanjani badilisha kidogo tu cha teksi na maji, kwani bei yao ni mbaya. Barabara ya El Conde, ndani ya mji mkongwe, ina maduka ya kubadilisha fedha yenye ubao wa bei nje. Wanaokuita barabarani na mabunda mkononi waache waite.

Kadi ya benki ya Kenya yenye nembo ya Visa au Mastercard hufanya kazi kwenye mashine nyingi, ila ijulishe benki yako kabla, la sivyo huizuia kadi siku ya kwanza. Mashine ikiuliza kama unataka hesabu kwa fedha ya kwenu au kwa peso, chagua peso. Ukichagua fedha ya kwenu, unalipia ubadilishaji kwa bei yao.

Kinachowashangaza wageni ni bili ya mkahawa. Juu ya bei ya chakula huongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 18, na asilimia 10 ya huduma kwa mujibu wa sheria. Sahani iliyoandikwa peso 500 itakufikia 640: chakula 500, kodi 90, huduma 50. Mikahawa mingine huandika bei ikiwa imeshajumlisha, kwa hivyo soma chini ya menyu kabla ya kuagiza. Bakshishi juu ya ile 10 ni hiari yako. Kwenye vibanda na maduka ya mtaani, yaitwayo colmado, unalipa kilichotajwa.

Ukiwa na siku moja tu ya kuutembea mji mkongwe, uanzie wapi? Miguu yangu si ya ujana. (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Mzee wetu, mji ule utakufaa, kwa kuwa hauna vilima vikali na umepimwa kwa mistari iliyonyooka. Gavana wa Kihispania, Nicolás de Ovando, aliuhamishia ukingo wa magharibi wa mto Ozama mwaka 1502, baada ya tufani kuubomoa ule wa kwanza wa ukingo wa mashariki, akaupanga kwa vitalu vya mraba. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mkomani, ambavyo hujipinda na kukupa kivuli kila baada ya hatua chache, atashangaa jinsi jua linavyoingia moja kwa moja kwenye barabara zile. Ndiyo maana tunasisitiza saa. Toka saa mbili asubuhi, pumzika saa sita mpaka saa tisa, kisha umalizie jioni. Na usichague Jumatatu: majumba mengi ya makumbusho hufungwa siku hiyo.

Anzia bustani ya Parque Colón, ambako upande wa kusini limesimama kanisa kuu. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1510 na ukamalizika karibu na 1540, nalo ndilo kanisa kuu kongwe kuliko yote katika Amerika. Mlangoni hawamruhusu mtu mwenye kaptula fupi au mabega wazi. Mwenye kanzu au buibui hatakuwa na shida. Ukiwa nje, kabla ya kuingia, sogelea ukuta uutazame: ni mawe ya matumbawe yaliyochongwa na kuunganishwa kwa chokaa, yenye vitundu na alama za konokono wa baharini. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa jiwe hilo hupumua vipi, wala kwa nini saruji ya kisasa huliharibu kwa kuufungia unyevu ndani. Mafundi wa pale wanapambana na jambo lile lile tunalopambana nalo hapa.

Kutoka hapo nenda mashariki kidogo uingie Calle Las Damas, barabara ya kwanza ya Wazungu kutandikwa mawe katika Amerika. Jina lake linatokana na mabibi waliokuja 1509 na María de Toledo, mke wa Diego Colón, mwana wa Columbus (Wahispania humwita Colón). Ukielekea kulia utafika ngome ya Ozama, ambayo mnara wake, Torre del Homenaje, ulijengwa kati ya 1502 na 1508 kulinda mdomo wa mto. Ngazi za ndani ni nyembamba na zenye giza. Kama magoti yanauma, bakia uwanjani, kwa kuwa mto unaonekana vizuri kutoka ukutani.

Kisha rudi kaskazini kwa barabara ile ile, polepole. Utapita Panteón Nacional, lililokuwa kanisa la Wajesuiti na sasa ni kaburi la mashujaa wa nchi. Mbele yake kidogo ni Museo de las Casas Reales, jengo lililokuwa makao ya mahakama ya kifalme, na kando yake iko saa ya jua ya mwaka 1753, ambayo bado inasomeka. Kama una nguvu za jumba moja tu la makumbusho, ingia hili, kwa kuwa ndilo linaloeleza jinsi nchi ilivyoendeshwa. Barabara huishia uwanja wa Plaza de España, penye Alcázar de Colón, nyumba ya Diego Colón iliyojengwa kuanzia 1510 na kukarabatiwa katika miaka ya 1950. Samani za ndani nyingi ni za zama zile lakini zililetwa kutoka Hispania. Usidhani ndizo alizozikalia yeye.

Njia yote hii haifiki kilomita mbili. Jioni ongeza El Conde, isiyopitiwa na magari, mpaka Puerta del Conde upande wa magharibi, ambako uhuru kutoka Haiti ulitangazwa usiku wa tarehe 27 Februari 1844. Vaa viatu vya soli ngumu. Kazi za ukarabati hufanywa kwa vipande, na unaweza kukuta njia ya miguu imechimbwa ghafla, imewekwa ubao tu.

Sisi Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama. Wao wana Columbus. Mnatuhimiza kwenda kumtukuza mtu wa aina ile ile? (Msomaji, mwalimu wa historia, Malindi)

Maalim, swali lako ni zito, na tunalijibu kwa kuwa mji wenyewe unaliuliza. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Santo Domingo ulianzishwa na Bartolomé Colón, ndugu yake Columbus, kati ya 1496 na 1498, na Columbus mwenyewe aliingia humo Agosti 1498. Mreno na Mhispania walikuwa wameshagawana bahari za dunia kwenye mkataba wa Tordesillas mwaka 1494. Kwa hiyo nguzo yenu na kanisa lao kuu ni mawe mawili ya mpango mmoja, na anayeijua Malindi huwa na jicho la kusoma Santo Domingo ambalo mtalii kutoka Ulaya hana.

Itazame sanamu ya Columbus katika Parque Colón, iliyowekwa 1887. Yeye amesimama juu akionyesha mbali, na chini yake mwanamke wa Kitaino, yaani wa wenyeji waliokuwako kisiwani kabla ya Wazungu, anapanda akiandika jina la Columbus. Mwanamke huyo huelezwa kuwa ni Anacaona, mtawala wa Jaragua. Huyo Anacaona aliuawa kwa kunyongwa kwa amri ya Ovando. Mwongozaji asiyekwambia hilo amekunyima nusu ya kile ulichokilipia.

Mifupa ya Columbus nayo ina kesi isiyokwisha. Ililetwa kuzikwa katika kanisa kuu hili. Mwaka 1795, Hispania ilipoipoteza sehemu hii ya kisiwa kwa Ufaransa, mifupa iliyodhaniwa kuwa yake ilihamishiwa Havana, na baada ya vita vya 1898 ikapelekwa Seville. Lakini mwaka 1877 mafundi waliokuwa wakitengeneza kanisa la Santo Domingo walikuta sanduku la risasi lenye jina lake. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Hispania vimeunga mkono mifupa ya Seville, nao Wadominika wanashikilia sanduku lao, lililomo ndani ya Faro a Colón, jengo kubwa la zege lenye umbo la msalaba lililozinduliwa 1992 ng'ambo ya mto. Inawezekana mifupa iligawanyika, na kila upande una sehemu. Kwa maoni yetu, Faro liende la mwisho, na ukikosa muda liache.

Anayestahili saa yako ni Antonio de Montesinos. Sanamu yake kubwa iko kando ya bahari, kusini mwa mji mkongwe, mkono ukiwa mdomoni kama mtu anayepaza sauti kuelekea majini. Tarehe 21 Desemba 1511 mtawa huyu aliwakabili walowezi kanisani akawauliza kuhusu Wataino waliokuwa wakiwatumikisha mpaka kufa: je, hawa si watu? Mpeleke kila kijana unayesafiri naye asimame pale.

Je, kuna alama za Waafrika waliopelekwa huko, au ni majumba ya Wazungu matupu? (Msomaji, Ngomeni, na wengine wanne)

Zipo, na ndizo sababu kubwa ya sisi kuupendekeza mji huu. Ila hazikai kwenye ramani ya watalii. Lazima uzifuate.

Miwa na mashine za kukamulia sukari zilianza huko mapema kuliko mahali pengine popote Amerika, na Waafrika ndio waliozizungusha. Wakati wa Krismasi ya 1521 watumwa wa shamba la Diego Colón, yule wa Alcázar, waliinuka na kuua walowezi kadhaa kabla ya kuzidiwa. Wengi wao walikuwa Wawolof, watu wa Afrika Magharibi. Ni uasi wa kwanza wa Waafrika katika Amerika kuandikwa. Tarehe 6 Januari 1522 zilitolewa sheria kali za kuwadhibiti, ambazo ni miongoni mwa kongwe za aina yake upande ule wa dunia. Kwa hiyo unapoingia Alcázar na kuona sahani za fedha, kumbuka zililipiwa na nani.

Waliotoroka walijenga vijiji milimani. Msomaji wa Malindi atakumbuka watoro wa mashamba ya hapa waliokimbilia Makongeni na Fuladoyo katika karne ya 19. Kiongozi aliyevuma zaidi wa watoro wa Santo Domingo, Sebastián Lemba, mzaliwa wa Afrika, alipigana miaka mingi mpaka alipouawa katika miaka ya 1540. Sanamu yake iko Plaza de la Cultura, katika mji mpya, mbele ya Museo del Hombre Dominicano. Utumwa huko ulifutwa kwa mara ya mwisho 1822. Huku pwani ya Kenya tulisubiri mpaka 1907.

Kuna mahali pawili pa kutoka nje ya kuta. Pa kwanza ni Boca de Nigua, magharibi mwa mji, penye magofu ya kiwanda cha sukari ambako watumwa waliasi Oktoba 1796. Utaona matao ya matofali, tanuri za kuchemshia maji ya miwa na shimo la kinu. Hakuna kivuli cha maana wala duka la karibu, kwa hivyo beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, na kodi teksi ya kwenda na kurudi inayokungoja. Ukiiacha iondoke ije kukuchukua baadaye, utakaa barabarani.

Pa pili ni Villa Mella, kaskazini. Huko kuna Cofradía de los Congos del Espíritu Santo, chama cha wapiga ngoma chenye asili ya karne ya 16, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2001, mwaka ule ule Mji Mkongwe wa Lamu ulipoorodheshwa. Ngoma zao, ziitwazo congos, hupigwa kwa mikono kwenye sikukuu za Roho Mtakatifu na kwenye maziko ya wanachama, ambako humsindikiza marehemu. Treni ya metro, laini ya kwanza, hufika Villa Mella. Kituo cha mwisho ni Mamá Tingó. Ukienda siku ya kawaida hutakuta ngoma. Panga safari yako iangukie Pentekoste, uende na mtu anayejulikana pale, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wale ni watu katika ibada yao. Sisi wenye Maulidi tunajua mgeni anayeingiza kamera katikati ya zikri huacha ladha gani.

Tutakula nini? Na kibla ni upande gani? (Msomaji, Shela)

Chakula chao utakizoea upesi. Kuna moro de guandules con coco, wali uliopikwa kwa mbaazi na tui la nazi, na samaki wa nazi wa pwani ya Samaná. Kuna ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa, muhogo, na casabe, mkate mkavu wa muhogo walioachiwa na Wataino.

Tatizo ni nguruwe, ambaye hujificha. Mangú, ndizi zilizochemshwa na kupondwa, zenyewe ni halali, lakini kwa kawaida huja na vipande vya salami ya nguruwe kando. Mofongo hupondwa pamoja na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Hata maharage na mbaazi mara nyingi hutiwa kipande cha nguruwe au soseji ili yapate ladha, na mpishi hatakitaja kwa kuwa kwake hicho si nyama, ni kiungo. Usiulize tu kama kuna nyama. Uliza hivi: ¿Lleva cerdo? Salama zaidi ni samaki mzima aliyekaangwa, na uulize mafuta. Msikiti wa Al-Noor uko katika mji mpya, si mji mkongwe, na teksi itakufikisha.

Kibla kinabadilika sana. Ukiwa Lamu unaelekea karibu kaskazini. Ukiwa Santo Domingo unaelekea kaskazini-mashariki, digrii 63 hivi kutoka kaskazini. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa saba: magharibi ya Lamu ni saa tano asubuhi kwao, kwa hivyo ukipigia nyumbani usiku wa huko utawaamsha alfajiri.

Nimesikia wanawakamata watu weusi. Ni kweli? (Msomaji, Malindi)

Kaka, hili hatulifichi. Serikali inawarudisha Wahaiti wasio na vibali kwa wingi, na Oktoba 2024 ilitangaza lengo la hadi watu 10,000 kwa wiki. Maafisa wa uhamiaji hukagua barabarani na kwenye mabasi, na wanayemsimamisha mara nyingi humchagua kwa rangi. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwa raia wake weusi kwa sababu hiyo hiyo. Wadominika wengi wenyewe ni weusi au machotara, na mtaani utapokewa vizuri, lakini kwenye kizuizi afisa hajui wewe ni wa wapi mpaka umwonyeshe.

Basi fanya hivi. Pasipoti halisi ibaki hotelini kwenye kasha unapotembea mji mkongwe, nawe ubebe nakala ya rangi ya ukurasa wa picha, ya muhuri wa kuingia na ya viza, pamoja na kadi ya hoteli. Ukisafiri nje ya mji, hasa kuelekea magharibi au kwenye basi la masafa, beba pasipoti yenyewe. Ukisimamishwa, jibu kwa utulivu, sema mapema kwamba wewe ni mtalii kutoka Kenya: soy turista, de Kenia. Usikimbie na usigombane. Mpe mtu mmoja nyumbani nakala zote hizo kabla ya kuondoka.

Wezi wapo pia, na kazi yao kubwa ni kupora simu wakiwa juu ya pikipiki. Simu isishikwe upande wa barabara. Usiku, nje ya mitaa yenye watu, panda teksi ya programu kuliko kutembea. Polisi wa watalii, POLITUR, utawaona mji mkongwe, na nambari ya dharura ni 911.

Mwezi gani unafaa? (Msomaji, Matondoni)

Desemba mpaka Aprili, kukiwa kukavu na kuna upepo. Msimu wa tufani ni tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na usidharau mvua zisizo na jina. Tarehe 18 Novemba 2023 mvua tupu, bila tufani, iliangusha ukuta wa njia ya chini ya barabara mjini na kuua watu ndani ya magari. Februari ni mwezi wa kanivali, kila Jumapili, na vyumba hujaa karibu na tarehe 27. Wiki ya Pasaka wenyeji hutoka mjini na mengi hufungwa. Ukienda wakati wowote, jipake dawa ya mbu mchana, kwa kuwa mbu wa dengi huuma kukiwa na mwanga.

Chaja zetu zitaingia? (Msomaji, Malindi)

Haziingii bila adapta. Soketi zao ni za pini mbili bapa, na umeme ni volti 110. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi kwa adapta tu. Pasi na birika la umeme la Kenya, la volti 240, litapata moto kidogo tu, basi liache nyumbani. Umeme hukatika mara kwa mara. Uliza kama hoteli ina jenereta au betri.

Watoto watataka kuogelea. Pwani ya mji inafaa? (Msomaji, Barani, Malindi)

Usiwaingize maji ya mbele ya mji. Ni miamba mitupu, mawimbi hupiga kwa nguvu, na mto Ozama humwaga taka pale. Wapeleke Boca Chica, kilomita 30 hivi mashariki, barabara ile ile ya uwanja wa ndege. Miamba ya matumbawe imeukinga ufuo ule, na maji ni ya kina kifupi mpaka mbali. Wenye viti na miavuli watakufuata ukishuka tu, kwa hivyo mkubaliane bei ya siku nzima, viti vingapi, na kama chakula kimo, kabla hujakaa. Samaki wa kukaanga huuzwa kwa uzito au kwa ukubwa: mchague mbichi, utajiwe bei, ndipo akaangwe. Njiani kurudi mnaweza kuingia Los Tres Ojos, mapango yenye maziwa ya maji baridi ndani ya bustani ya Mirador del Este. Huko hawaruhusu kuogelea, ngazi huteleza, na chelezo cha kufikia ziwa la nne hulipiwa kando ya kiingilio, kwa hivyo beba peso ndogondogo.